Taka Zilizopigwa Pasi

Pasi ya Mama Pasi ilikuwa nzito kiasi kwamba mwizi mmoja aliingia uani kwake mchana kweupe, akaibeba, akajikongoja nayo mpaka getini, kisha akaketi chini mwenyewe akasubiri kukamatwa. Hivyo ndivyo inavyosimuliwa, na asiyeamini aende akaiinue. Ilikuwa pasi ya mkaa, chuma kitupu, na juu ya kifuniko chake kulikuwa na jogoo mdogo wa shaba wa kufungia. Jogoo huyo alikuwa ameshikwashikwa miaka mingi mpaka macho yakafutika na kishungi kikalika, akabaki kama bata aliyekata tamaa.

Kwa pasi hiyo mama huyu alikuwa amenyoosha nguo za mtaa mzima: mashati ya maharusi, sare za wanafunzi, suruali za watu waliokwenda kuomba kazi na za watu waliokwenda kuomba msamaha. Nyumbani kwake hapakuwa na kitu kisichopigwa pasi. Taulo, alipiga. Matambara ya kufutia vyombo, alipiga. Soksi, alizipiga akazikunja pachapacha kama ndugu. Mumewe, fundi rangi, aliwaambia watu kwamba yeye usiku hageuki kitandani, maana akionekana na kunyanzi asubuhi, atapitishiwa.

Huyo mume ndiye aliyekuwa sauti ya nyumba. Akikoroma, mapazia yaliingia ndani na kutoka nje kama yanapumua. Akipiga chafya, kuku wa jirani walitaga kabla ya wakati. Na kila siku ya taka alikuwa na mchezo wake. Mzoa taka alipita na mkokoteni wenye gurudumu linalolia kama kifaranga, akagonga geti kwa kiganja na kuita, "Takaaa!" Hapo fundi rangi, awe anaoga, awe anakula, awe juu ya ngazi anapaka dari yake mwenyewe, alijibu kwa sauti ya kubomoa ukuta:

"Sitakiii!"

Halafu akacheka peke yake mpaka akapaliwa.

"We mzee," mkewe alimwambia huku akitoka na mfuko wa taka, "hicho kichekesho chako hakichakai?"

"Kichakae, kwani ni shati?"

Kisha fundi rangi akafa, taratibu, usingizini, bila kumwambia mtu, jambo ambalo halikuwa tabia yake hata kidogo. Binti yao, muuguzi katika mji wa mbali, alikuja akalia, akaosha kila kitu kilichokwisha kuoshwa, akarudi kazini. Wapaka rangi wenzake, waliokuwa wakila hapo kila mchana, walikuja kuzika, wakaja tena siku moja kuchukua ngazi, basi. Tangu hapo hakuna aliyegonga geti lile ila mzoa taka. Aliita, "Takaaa!" na ndani kukawa kimya. Mama Pasi alitoka na mfuko, akaupokeza, akasema, "Haya." Mzoa taka akasema, "Haya, mama." Gurudumu likalia, likaenda. Hiyo "haya" mara nyingine ndiyo ilikuwa neno lake la kwanza tangu jana yake. Ulimi ulikuwa unakaa mdomoni kama mgeni aliyesahau njia ya kutokea.

Kazi alikuwa nayo. Nguo za siku hizi hazikunjiki, na watu wana pasi zao za umeme, kwa hiyo wateja wa zamani walimpotea mmoja mmoja. Akapata kibarua kwenye nyumba ya wageni, chumba cha nyuma karibu na mapipa ya maji, kupiga pasi mashuka. Alikaa humo na mvuke na rundo jeupe. Wageni hakuwaona hata mmoja, lakini aliwajua. Shuka lenye mikunjo ukingoni tu: hawa waligombana. Shuka lililosokotwa katikati kama kamba: huyu ana jambo linamsumbua. Shuka lenye makombo ya biskuti: huyu alikula gizani asigawie mtu. Watu wote hao walipita mikononi mwake, na hakuna aliyejua kwamba kuna mikono. Na nyumbani, alipotandua shuka lake mwenyewe, upande mmoja ulikuwa na kazi ya kunyooshwa. Upande wa pili ulitoka kitandani kama ulivyoingia.

Jambo moja tu hakulibadilisha, nalo ni sufuria. Ilikuwa sufuria ambayo mbuzi angeweza kulala ndani na bado akageuka. Ilikuwa ya kulisha mume, binti na wapaka rangi wenye njaa ya kushinda juu ya ngazi, na mkono wa Mama Pasi uliijua: mchele mpaka pale ubavuni palipobonyea, maji mpaka kifundo cha kidole. Mkono haukuambiwa kwamba kuna msiba. Uliendelea kupika vilevile. Mama alikula sahani moja, akafunika, na kesho yake wali umechacha. Friji lilikuwa limeharibika na hakuona sababu ya kulitengeneza kwa ajili ya mtu mmoja. Basi wali ukaingia kwenye mfuko, na maharage, na mkate mzima alioununua kwa mazoea ukaota ukungu, na mifuko ya dukani, mfuko ndani ya mfuko ndani ya mfuko. Siku ya taka ilipofika, mfuko mkubwa ulisimama nyuma ya geti, mnene, umefungwa shingo, kama mtu aliyealikwa shughuli.

Ikawa siku moja glasi ya marehemu ikamteleza wakati anaiosha. Aliifagia haraka, hakutaka kuitazama, akaitia kwenye mfuko pamoja na wali. Mzoa taka akaja, akaita, akapokea. "Haya." "Haya, mama." Lakini badala ya gurudumu, Mama Pasi akasikia:

"Mama weee!"

Akatoka mbio. Mzoa taka ameshika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, na damu inapenya katikati ya vidole.

"Mnatupa visu humu?"

"Glasi, mwanangu. Glasi ya mzee. Sikuifunga kwenye kitu, sikufikiri..."

"Hukufikiri kwamba huku nje kuna mkono."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angefoka. Mama Pasi alihisi maneno yale yamemwingia mpaka kwenye mifupa, maana yeye mwenyewe alikuwa mkono wa chumba cha nyuma, na alijua ladha yake.

Akamvuta ndani, akamkalisha kwenye kigoda, akamwosha jeraha kwa maji ya chumvi. Akachana kipande cha shuka kuukuu. Kisha, kwa kuwa pasi ilikuwa na moto, akakitandaza kile kipande mezani akaanza kukinyoosha.

"Mama, mimi nachuruzika damu, wewe unapiga pasi?"

"Utafungwaje na kitambaa chenye makunyanzi? Tulia."

Mzoa taka akatulia, ametoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mabega yamekula upande kwa kusukuma. Akatazama jikoni, akatazama viti.

"Wenzako wamekwenda wapi?"

"Wenzangu gani?"

"Hao mnaokula nao. Kila wiki nabeba hapa wali wa kulisha kikosi cha mpira. Nasema moyoni, hii nyumba imejaa watu, na wote wanaringia chakula."

"Niko peke yangu."

Mtu yule akavitazama tena vile viti. "Hata yule mzee anayenifukuza hayupo?"

"Nani amekufukuza?"

"Si yule! Kila nikiita, anapiga kelele hataki. Miaka yote nimejua hanitaki. Nilikuwa nasema, sasa baba wa watu mimi nimemkosea nini?"

Mama Pasi akacheka. Kicheko kilitoka na kutu, kikamshtua mwenyewe, na kabla hajakimaliza ikabidi ainamie kile kitambaa. "Alikuwa anatania, mwanangu. Wewe unasema taka, yeye anasema sitaki. Amekufa mwaka jana."

Mzoa taka alilifikiria hilo. Taratibu, kama maji yanayopanda bomba bovu, na yeye akaanza kucheka. "Kumbe! Loo. Kumbe ningemjibu!" Halafu akaacha. "Pole, mama. Sikujua. Mlikuwa mnatoa taka nyingi vilevile."

Alipokwisha kufungwa mkono, alisimama, akaelekeza kidevu kwenye ule mfuko uliopasuka. "Mimi huu wali nauona mpaka mwisho wake. Kule jalalani unachacha, unatoa funza, mvua ikija unateremka mtoni pamoja na mifuko yake, na huko mtoni nina watoto wanaochota maji. Ninyi mkishafunga shingo ya mfuko, mnasema umekwisha. Kwangu ndiyo kwanza unaanza." Akasema "haya" akaenda.

Siku ile Mama Pasi alishika sufuria kubwa kama kawaida, akasimama nayo katikati ya jiko. Kwenye rafu ya juu kulikuwa na kisufuria alichokuwa akichemshia maziwa ya binti yake alipokuwa mchanga. Kukishusha hakukuwa kazi; hata paka angekishusha. Lakini alisimama pale muda mrefu, maana kukiweka kile kisufuria motoni ilikuwa sawa na kuiambia ile nyumba kwa sauti kwamba ni ya mtu mmoja, na alikuwa hajawahi kuiambia hata kwa kunong'ona. Mwisho akajikaza kisabuni, akakishusha. Mchele ukaungua, kwa kuwa mkono haukujua kiasi. Akala hivyohivyo, ukoko na yote. Ile sufuria kubwa aliisugua kwa majivu ya pasi mpaka akajiona ndani yake, akaipindua chini ya kitanda, upande usiokunjika shuka.

Basi akaanza. Hakuna aliyemfundisha wala kumpa karatasi. Aliufuata tu ule mkono uliofungwa kitambaa. Kila alichotaka kutupa, aliuona kwanza ukikipokea. Maganda akayafukia kwenye makopo ya rangi ya marehemu, akapanda nyanya, na nyanya ya kwanza ilipoiva ilikuwa kubwa, kwa maelezo yake, hata kopo likainama kuisalimia. Maji ya kusuuzia akafagilia uani. Mkate akaomba nusu. Mifuko ya plastiki alijaribu kuiosha aitumie tena, na hapo tabia ikamponza: aliona imejikunja, akaipitishia pasi. Moshi uliotoka, majirani walidhani anachoma matairi. Alikwangua chini ya pasi kwa kisu siku nzima huku akijitukana. Tangu hapo hakupokea mfuko kabisa. Dukani akaenda na kikapu, na chupa ya mafuta, na kopo la sukari.

"Mama Pasi!" muuza duka alimpokea mbele za wateja. "Mbona na chupa mkononi, unapeleka mkojo kupimwa?"

"Ndiyo, na wakauliza nimlete nani kuishika, nikakutaja wewe. Jaza mafuta."

Watu wakacheka, yeye akalipa, akatoka. Ule utani ulimtosha mpaka nyumbani. Alipofungua mlango ulikuwa umekwisha.

Alimpigia simu binti yake kumwambia.

"Mama, unasema hutupi kitu? Unaumwa?"

"Siumwi. Kilichobaki ni kimfuko kama soksi. Halafu nyanya..."

"Mama, unakula lakini?"

"Nakula. Napikia kile kisufuria chako cha maziwa, unakikumbuka?"

"Kipi? Mama, wananiita wodini. Nitakupigia."

Ni kweli alikuwa akimpigia, ila daima wodini walikuwa wanamwita.

Mzoa taka ndiye aliyeona. Wiki hadi wiki aliupokea ule mfuko na kuupima. "Leo mwepesi, mama." Wiki nyingine: "Hee, leo ni mto wa mtoto!" Akasimama, akaonyesha kovu lake lilivyofunga, akauliza habari za nyanya, akapewa mbili. Mama Pasi alikuwa akizihesabu siku kuelekea siku ya taka kama mtoto anayengoja sikukuu. Alifagia nyuma ya geti, akabadilisha kanga. Mpaka wiki moja akatokeza na kifuko ambacho mtu yule alikishika kwa vidole viwili, kama anashika mkia wa panya.

"Mama, nakuvulia kofia. Mtaa mzima huu, ni wewe tu usiyenipa kazi. Wiki ijayo sitakusumbua."

"Si usumbufu," alisema Mama Pasi.

"Hapana, pumzika. Hii kitu hata mwezi inaweza kukaa."

Akaenda zake, furaha tele. Mama Pasi akabaki ameshika geti. Alikuwa amefanya vizuri, na kwa kufanya vizuri amelifunga geti kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki iliyofuata alimsikia kwa jirani wa juu: "Takaaa!" Gurudumu likalia, likafika kwake, likapita bila hata kuvuta pumzi. Wiki nyingine tena. Akaanza kuvitazama vitu kwa jicho baya. Angeweza kuirudisha ile sufuria kubwa, apike, atupe. Mfuko ungenenepa, geti lingegongwa. Aliwaza hivyo kweli, akafika mpaka kupiga magoti kando ya kitanda na kuigusa sufuria. Lakini mbele yake ukaja ule mkono na damu katikati ya vidole, akauacha mchele ulale guniani mwake.

Ndipo alipolikumbuka koti. Lilikuwa koti la kazi la marehemu, turubai nene, limerukiwa na rangi ya kila nyumba ya mtaa: kijani cha kinyozi, njano ya shule, buluu ya chumba cha binti yao. Limening'inia nyuma ya mlango tangu siku ile. Halimfai mtu, akajisemea. Halina wa kulivaa. Hiyo ni taka, tena taka halali, haiozi, haimkati mtu. Akaliosha kwanza, kwa sababu huwezi kumpa mtu nguo chafu. Lilipokauka likawa limekunjamana, mkono ukaenda kwenye pasi wenyewe. Akanyoosha kola, akanyoosha mikono na mifuko, akalikunja mikono ikiwa nyuma, kama anavyofanya kwa wateja, akalitia kwenye mfuko mmoja wa zamani. Kisha, ili mzoa taka asije akauokota kimyakimya, akaufunga juu ya geti kwa ndani, shingo yake ikichungulia barabarani.

"Takaaa!"

Alisubiri kidogo asionekane alikuwa anasubiri, akatoka, akauondoa mfuko kwenye geti, akampa. Lakini tangu akatwe, mtu huyu alikuwa na desturi ya kuubonyezabonyeza kila mfuko kabla ya kuutupia mkokotenini. Akabonyeza. Akakunja uso. Akafungua shingo, akaingiza mkono, akalitoa koti, nalo likafunguka mbele yake, limenyooka, mistari ya pasi inakata kama wembe.

"Mama," alisema. "Nani anapiga pasi taka?"

Mama Pasi akakosa pa kuuweka uso. "Mazoea."

"Hili halina hata tundu. Ni la mzee?"

"Ni la zamani. Halina kazi. Tupa."

"Nikilitupa hili nitaota ananifukuza kwa kweli." Alimtazama, si vibaya. "Mama, kwani unataka nini?"

Alichokitaka kilikuwa kidogo sana, na udogo wake ndio ulioleta aibu. Mtu mzima, mwenye kazi yake, umwambie mtu mwenye mtaa mzima wa kusukuma na jua utosini: nataka ugonge tu. Alifungua mdomo, likatoka lile neno la mumewe, bila kicheko chake.

"Sitaki kitu."

Mzoa taka akalikunja koti kwa uangalifu, akalikosea mikunjo yote, akalilaza juu ya geti. "Haya, mama."

Wiki iliyofuata aibu ilimfungia jikoni. Alisema moyoni hatatoka, hatachungulia, hatasikiliza. Akawasha jiko, akabandika kisufuria. Lakini masikio hayana mlango. Akalisikia gurudumu kwa jirani wa juu, akamsikia jirani akilalamika, akasikia mkokoteni ukifika kwake. Ukapunguza mwendo. Ukapita.

Na kabla hajajijua, kifuniko mkononi, sauti ikamtoka, sauti ambayo haikuwa imetumika humo ndani tangu msiba:

"Sitakiii!"

Wanaosimulia wanasema ndege waliokuwa juu ya waya waliruka wote, na jirani wa chini aliangusha sahani. Gurudumu likanyamaza. Barabara nzima ikanyamaza.

"Hutaki nini?" ikauliza sauti ya nje.

"Taka!"

"Kwani nimekuuliza?"

Mama Pasi akatoka mpaka getini, kifuniko bado mkononi. "Ndiyo hilo. Hujaniuliza."

"Nikuulize nini, na huna kitu?"

"Niulize, nikuambie sina."

Mzoa taka akajikuna shingo. "Yaani nisimame. Nigonge. Niite. Wewe useme hutaki. Mimi niende zangu."

"Ee."

"Basi?"

"Basi."

Akatazama mtaa uliobaki mbele yake, mifuko imesimama mlango kwa mlango mpaka kwenye kona. Akamtazama mama na kifuniko chake. "Wewe mama ni mzito kuliko taka."

"Najua, mwanangu."

Akauvuta mkokoteni kinyumenyume mpaka kwa jirani wa juu, huku akinung'unika, akaugeuza, akaja upya kama ndiyo kwanza anafika. Akagonga kwa kiganja. "Takaaa!"

"Sitaki," alisema Mama Pasi.

"Aa, aa. Mzee hakuwa anajibu hivyo."

"Sitakiii!"

"Hapo sawa," akasema, akaenda.

Lile koti Mama Pasi alilikata, akamshonea glavu. Kunyoosha alikujua, kushona hakukujua. Zote mbili zikatoka za mkono wa kushoto. Alizipiga pasi, akampa. Kwa bahati mkono uliokatwa ulikuwa ni huo wa kushoto, kwa hiyo mzoa taka akavaa moja, na ya pili, kijani cha kinyozi na buluu ya chumba cha binti, akaifunga kwenye mpini wa mkokoteni.

Wiki nyingine huwa ana haraka, anapiga kiganja kwenye geti na kuita huku anapita, jibu linamkuta kwa jirani. Wiki nyingine anaumwa, wanatuma mtu mwingine asiyejua habari, akiambiwa "Sitakiii!" anaondoka amenuna. Na siku nyingine zote za wiki ni zilezile, mashuka ya watu, kisha funguo, kisha mlango. Lakini siku ya taka ikienda vizuri, Mama Pasi husimama getini akaitazama ile glavu ikizidi kuwa ndogo barabarani. Kila gurudumu likiruka shimo, inapunga mkono. Inapungia kila nyumba, lakini ilianzia kwake.

Kisha anaingia ndani. Siku ile ya kwanza ya glavu, aliingia akaketi jikoni, wali wa mtu mmoja ukiwa motoni. Kifuniko kikaanza kugonga, ko, ko, ko. Aliinua kichwa upesi, akageukia geti.

Halafu akapunguza moto.